Kabla ya Kufomati: Kutafuta Hitilafu katika Kompyuta ya Nyumbani Inayotumia Linux

  Nimeambiwa nisizidi saa moja ili maswali yapate nafasi. Nitajitahidi, maana nawaona wengine mmekuja na laptopu mikobani, na najua hao hawakuja kwa ajili ya mhadhara.

Nia yangu leo ni moja. Nataka kuwashawishi kwamba hitilafu nyingi za kompyuta ya nyumbani yenye mfumo huria zinaweza kutatuliwa na mwenye kompyuta mwenyewe, bila kufuta hata faili moja, mradi akubali kujua kwanza tatizo liko wapi kabla hajaligusa. Nasema hivi kwa sababu mtaani kwetu jibu limekuwa moja kwa kila swali. Skrini imekuwa nyeusi? Tufomati. Mashine imekuwa nzito? Tufomati. Mtandao haushiki? Tufomati. Na ubaya ni kwamba mara nyingi kufomati kunasaidia. Kompyuta inawaka vizuri, mteja analipa, picha za harusi na tasnifu ya binti zimekwenda na maji, na hakuna aliyejua ni kitu gani kilichokuwa kimeharibika. Kama kilikuwa diski inayochoka, baada ya muda mtu huyohuyo atarudi kwa fundi huyohuyo.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho kompyuta nyingi za zamani hazina. Mashine hizo bado nzima, nyingi ni za mtumba, na wenyewe wameanza kuziwekea Linux.

Kwa mgeni wa jina hilo: Linux ilianza mwaka 1991, pale Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alipotangaza kwamba anaandika mfumo endeshi kwa kujifurahisha tu, wala hautakuwa mkubwa. Simu za Android zilizomo mifukoni mwenu zinaendeshwa na kerneli yake, yaani kiini cha mfumo, hiyohiyo. Kwenye kompyuta za nyumbani tunaipata ikiwa imefungashwa pamoja na programu nyingine kwa majina tofauti: Debian, iliyoanza 1993, Ubuntu, iliyotolewa mara ya kwanza Oktoba 2004 kwa ufadhili wa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, Linux Mint na nyinginezo. Mifano yangu ya leo inatoka katika familia hiyo ya Debian, kwa kuwa ndiyo inayotumiwa na wengi wanaoanza. Nitatoa hoja tano.

Hoja ya kwanza: Kompyuta imekwisha kusema, tusome

Mtu akikuletea kompyuta mbovu, muulize imeandika nini. Utajibiwa, "Imeandika maneno mengi ya Kiingereza, nikazima." Basi maneno yale ndiyo yaliyokuwa na jibu.

Chukueni tukio ambalo kila mmoja hapa amelipata au atalipata. Kompyuta ya mezani inasasisha programu, umeme unakatika katikati ya kazi. Umeme ukirudi, kila ukijaribu kuweka programu mpya inagoma. Wengi husoma hapo neno moja tu, "error". Lakini ujumbe wenyewe unasema kwamba kazi ya dpkg, programu inayoweka vifurushi vya programu, ilikatizwa, na kwamba uandike kwa mkono wako "sudo dpkg --configure -a". Mfumo umetaja tatizo na umetaja dawa yake, herufi kwa herufi. Ukiandika amri hiyo, dpkg inaendelea pale ilipoachia. Ikibaki na malalamiko ya vifurushi visivyokamilika, unaongeza "sudo apt --fix-broken install". Mara nyingi inaishia hapo.

Kuna ujumbe mwingine unaofanana na huo kwa sura lakini maana yake ni tofauti kabisa: ule unaosema kufuli ya dpkg imeshikwa na programu nyingine. Maana yake ni kwamba kuna sasisho linaloendelea kimyakimya nyuma ya pazia. Dawa yake ni kusubiri. Wapo wanaowafundisha wenzao kulifuta faili la kufuli kwa nguvu. Hao wanazifungulia mlango programu mbili ziandike orodha moja kwa wakati mmoja, na hapo hitilafu ndogo inageuka kubwa.

Umeme huohuo unaweza kukuletea skrini nyeusi yenye neno "initramfs" na kialama kinachosubiri uandike. Inatisha, nakubali. Lakini panda mistari michache juu yake: mara nyingi utakuta imeandikwa kwamba mfumo wa faili una kasoro na uendeshe fsck, programu ya kukagua mfumo wa faili, kwa mkono, na sehemu ya diski imetajwa kwa jina, tuseme /dev/sda2. Unaandika "fsck /dev/sda2", unakubali marekebisho kwa herufi y, kisha unaiwasha upya. Ikitokea mara moja baada ya umeme kukatika, ni jambo la kawaida. Ikijirudia bila umeme kukatika, ishuku diski yenyewe, na siku hiyohiyo uhamishe faili zako.

Na pale ambapo skrini haikusema kitu, kumbukumbu zimeandikwa ndani. Amri "journalctl -b -1 -p err" inakuonyesha makosa ya mara ya mwisho kompyuta ilipowaka, yaani kabla hujaizima na kuiwasha tena. Msiogope wingi wa mistari. Hata mashine nzima hulalamika. Tafuteni mistari ya dakika ile tatizo lilipotokea.

Nifungue mabano kidogo kwa ajili ya wageni. Ukiandika amri yenye "sudo" utaombwa neno la siri, na katika mifumo mingi huoni chochote unapoliandika, wala nyota wala nukta. Kibodi haijafa. Andika mpaka mwisho, bonyeza Enter. (Naona mnacheka, kuna watu wamenunua kibodi mpya kwa jambo hili.)

Hoja ya pili: Tatizo lina tabaka lake

Maji yasipotoka jikoni hatuanzi kwa kuvunja ukuta. Tunamuuliza jirani kama kwake yanatoka, tunachungulia tangi, tunajaribu bomba la uani, na kwa maswali hayo matatu tumeshajua kama kosa ni la mamlaka, la tangi, au la koki ya jikoni. Kompyuta nayo ina matabaka: vifaa vyenyewe, kerneli na viendeshi vyake, programu, na mipangilio ya mtumiaji. Kila swali zuri linaondoa tabaka moja.

Tuchukue malalamiko makuu, "intaneti haipo". Ngazi zake ni hizi. Kwanza, je, kompyuta inaiona kadi ya mtandao? "ip link" inaorodhesha kadi ambazo mfumo umezitambua. Kama kadi ya Wi-Fi haimo, kinachokosekana pengine ni kiendeshi chake. Kadi za Broadcom zinajulikana sana kwa usumbufu huu, kwa kuwa programu zake si huria na mara nyingi hazimo kwenye mfumo unapouweka. Pili, je, redio imezimwa? "rfkill list" itakuambia kama imezuiwa na programu au na swichi ya pembeni mwa laptopu. Tatu, je, umepewa anwani na ruta? "ip addr" inaonyesha. Nne, je, unafika nje? Andika "ping 8.8.8.8". Tano, je, unafika nje kwa jina? Andika ping na jina la tovuti unayoijua. Namba ikijibu na jina lisijibu, mtandao wako ni mzima. Kilichogoma ni huduma ya kutafsiri majina, DNS, na unaweza kubadilisha seva yake kwenye mipangilio ya muunganisho. Mnaona tumefika wapi bila kugusa kitu? Na kabla ya ngazi hizo zote, tafadhali, angalieni kama bando halijaisha.

Mtu ataniuliza: kiendeshi cha Wi-Fi nitakipakuaje wakati Wi-Fi yenyewe haipo? Unganisha simu ya Android kwa waya wa USB, ingia kwenye mipangilio ya simu, washa kushiriki intaneti kwa USB. Linux itaipokea kama mtandao wa waya, kwa kawaida bila kuhitaji kiendeshi cha ziada. Hila hii imeokoa kompyuta nyingi kuliko diski zote za fundi.

Ziko njia nyingine mbili za kutenganisha matabaka ambazo ningependa kila mtu aondoke nazo. Ya kwanza ni flashi ya kuanzishia mfumo. Linux nyingi zinaweza kuwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Sauti haitoki? Washa kwa flashi. Ikitoka huko, spika ni nzima na kosa limo kwenye mfumo uliowekwa. Isipotoka hata huko, ishuku kifaa au kiendeshi. Njia ya pili ni akaunti mpya. Fungua mtumiaji wa majaribio, ingia kwake, jaribu jambo lilelile. Likikubali, basi mfumo mzima uko salama na tatizo limo ndani ya mipangilio yako wewe, ambayo kwa kawaida imehifadhiwa kwenye folda iliyofichwa iitwayo .config. Kati ya kufomati diski nzima na kuibadilisha jina folda moja, kuna tofauti ya maisha.

Hoja ya tatu: Kinachoonekana si lazima kiwe chanzo

Hapa naomba tusimame kwa visa viwili, kwa sababu ndivyo vinavyopeleka kompyuta nyingi kufomatiwa bila hatia.

Kisa cha kwanza. Unafika kwenye ukurasa wa kuingilia, unaandika neno la siri, skrini inakuwa nyeusi kwa kufumba na kufumbua, kisha unarudishwa palepale pa kuingilia. Unaandika tena, polepole, ukihesabu herufi. Unarudishwa tena. Kila mtu anayetazama ataapa kwamba neno la siri ni bovu. Lakini likiwa bovu kweli, mfumo hukuambia kwamba ni bovu, hapa haukusema. Umekukubalia, umejaribu kukufungulia, umeshindwa.

Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Mapambo yote yanaondoka, unabaki na skrini ya maandishi inayokuomba jina na neno la siri. Unaingia bila shida, na hapo umethibitisha kwamba neno la siri halina kosa. Sasa andika "df -h". Tazama mstari unaoishia na alama ya mkwaju peke yake, na usome asilimia iliyo kando yake. Mara nyingi utakuta 100. Diski imejaa. Mazingira ya picha yanahitaji kuandika faili dogo unapoingia, na pa kuliandika hapapo. Mfumo wenyewe bado unapumua kwa sababu mfumo wa faili wa aina ya ext4 kwa kawaida hutenga asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya msimamizi mkuu peke yake.

Kilichojaza ni nini? Wakosaji ni walewale. Vifurushi vilivyopakuliwa na kusahauliwa: "sudo apt clean". Kerneli za zamani: "sudo apt autoremove". Kumbukumbu zilizonenepa: "sudo journalctl --vacuum-size=200M". Na pipa la taka, ambalo watu husahau kwamba kufuta faili kwa kipanya ni kulihamisha tu. Nafasi hairudi mpaka pipa limwagwe. Ukipata gigabaiti moja au mbili, rudi kwenye ukurasa wa kuingilia. Unaingia.

Kisa cha pili ni cha saa. Kompyuta ina Windows na Linux kwa pamoja. Ni saa tisa alasiri, lakini unapotoka Windows na kuwasha Linux, inakuambia saa kumi na mbili jioni. Inajirekebisha ikipata intaneti, kisha ukirudi Windows, huko nako saa imerudi nyuma. Tofauti ni saa tatu kamili, si dakika zaidi wala pungufu, na ukamili huo ndio ushahidi. Saa ya Afrika Mashariki iko mbele ya saa ya dunia, UTC, kwa saa tatu. Windows huandika saa ya mahali kwenye saa ya ndani ya mashine. Linux huichukulia saa hiyo kuwa ni UTC, kisha inaongeza tatu. Hakuna iliyoharibika, hazijapatana tu. Amri "timedatectl set-local-rtc 1" inaifanya Linux ifuate desturi ya Windows, na ugomvi umekwisha.

Tofauti ikiwa ya miezi au miaka, hilo ni jambo jingine. Kwenye ubao wa kompyuta kuna betri bapa ya duara, kwa kawaida CR2032, inayoshikilia saa mashine ikizimwa. Katika mashine za mtumba betri hiyo mara nyingi imekufa. Linux ikifika mtandaoni hurekebisha saa yenyewe, lakini kwenye mtandao unaozuia huduma hiyo utaona kivinjari kinakataa tovuti salama moja baada ya nyingine, kikidai vyeti vyake bado havijaanza kutumika. Mtu anabadilisha kivinjari, anabadilisha ruta, anashuku virusi. Angalia tarehe kwenye pembe ya skrini kwanza.

Hoja ya nne: Gusa kitu kimoja, na uwe na njia ya kurudi

Anayebadilisha mambo matano kwa mpigo hata akifanikiwa hajui kilichofanikisha, na akiharibu hajui kilichoharibu. Gusa kimoja, jaribu, andika kwenye daftari, ndipo uende kwenye kingine. Usifute mipangilio, ipe jina jingine, ili uweze kuirudisha.

Mfumo wenyewe unakuwekea njia za kurudi. Ukisasisha kerneli na asubuhi yake skrini ikabaki nyeusi, kerneli iliyotangulia kwa kawaida bado imo. Wakati kompyuta inawaka, bonyeza Esc au shikilia Shift kutegemea mashine, ifungue menyu ya GRUB ya kuanzishia mfumo, chagua chaguo za ziada, na uanze na kerneli ya jana. Ikiwaka, kazi zako zinaendelea huku ukitafuta kwa nini mpya imegoma. Linux Mint inakuja na Timeshift, inayoweza kupiga picha ya mfumo kabla ya mabadiliko. Lakini sikilizeni kwa makini: kwa mpangilio wake wa kawaida Timeshift haihifadhi nyaraka zako. Inarudisha mfumo, hairudishi tasnifu. Nyaraka zinahitaji nakala yake kwenye diski ya nje, iliyochomolewa na kuwekwa mbali na mashine.

Na onyo kwa vijana. Usibandike amri usiyoielewa, hasa yenye sudo. Amri ya dd, inayotumiwa kuandikia flashi za kuanzishia, haiulizi mara mbili: ukiandika sda mahali pa sdb, umeandika juu ya diski ya nyumbani. Kwanza "lsblk", usome ukubwa. Flashi ya gigabaiti 16 na diski ya gigabaiti 500 hazifanani hata kidogo, na sekunde hizo za kusoma zinatosha kukuokoa.

Hoja ya tano: Ujuzi huu ukae katika lugha yetu

Mficha uchi hazai. Anayetaka kusaidiwa hana budi aeleze: anatumia mfumo gani na toleo la ngapi, alikuwa akifanya nini, alitarajia nini, ujumbe uliandikwaje neno kwa neno. "Kompyuta yangu imegoma" haina pa kuishika. "Natumia Ubuntu 24.04, nilisasisha jana, leo Wi-Fi haimo kwenye orodha ya ip link" imeshafika nusu ya njia.

Maelezo ya namna hiyo yanaweza kutolewa kwa Kiswahili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ambayo menyu zake ni za Kiswahili, na ukalazimika kuyatafutia maneno mambo ambayo hayakuwa nayo. Kilichopungua hadi leo ni maelezo ya utatuzi yaliyoandikwa na mtumiaji kwa ajili ya mtumiaji mwenzake. Fundi wa mtaani anajua mengi, lakini anajua kwa mdomo, na akihama mtaa ujuzi unahama naye. Mfumo huria umetupa ruhusa ya kuufungua, kuusoma na kuurekebisha. Ruhusa hiyo haina maana kwa asiyeweza kusoma kilichofunguliwa.

Tunakokwenda

Ndugu Mwenyekiti, nisingependa tutawanyike na makofi tu. Ninapendekeza mambo matatu kwa ajili ya mkutano ujao. Kila mwenye kompyuta aandae flashi moja ya kuanzishia na kuijaribu kompyuta yake ingali nzima, kwa sababu siku ya tatizo hutakuwa na mahali pa kuitengenezea. Kila klabu ya kompyuta shuleni ifungue daftari la hitilafu, lenye safu nne tu: kilichoonekana, ujumbe ulioandikwa, chanzo kilichopatikana, na kilichosaidia. Na mafundi, ambao mkate wao nauheshimu, wakubali kumwandikia mteja kwenye risiti chanzo cha tatizo badala ya neno "service". Mteja atakayejua kwamba diski yake inachoka atanunua mpya kwenu, tena atawaamini zaidi.

Madaftari hayo yakikusanywa kutoka shule kumi, tutakuwa na kitabu cha kwanza cha utatuzi kilichotokana na umeme wetu, bando letu na mashine zetu za mtumba, na wanafunzi waliomo humu ndani ndio watakaokihariri. Mimi nitaleta kurasa zangu. Sasa tufungue laptopu hizo mlizokuja nazo. Anayetaka kuanza asome kwanza ujumbe wake kwa sauti, wote tusikie.